Kuweka Vikunja kwenye seva yako mwenyewe

Nilichoka kuandika kazi kwenye vikaratasi, nikaweka Vikunja: programu huria ya kupanga kazi, unaifungua kwenye kivinjari.

Ukiwa na Docker (zana ya kuendesha programu ndani ya kifurushi chake, yaani kontena), kazi ni ndogo. Tengeneza folda mbili, `files` na `db`, kisha, kabla ya jambo lolote, endesha `chown 1000 files db`. Mimi niliruka hatua hiyo, kontena likawa linawaka na kuzima usiku kucha, kumbe halina ruhusa ya kuandika kwenye folda. Washa kontena la `vikunja/vikunja`, kisha fungua anwani ya seva yako kwenye kivinjari, mlango (port) 3456. Kwa mtu mmoja SQLite, hifadhidata ndogo, inatosha; usijisumbue na hifadhidata kubwa.

Jisajili, halafu funga usajili kwa kuliwasha kontena na mpangilio huu: `VIKUNJA_SERVICE_ENABLEREGISTRATION=false`. La sivyo, yeyote atakayeipata anwani yako atajifungulia akaunti.

Utamu wake uko kwenye kisanduku cha kuongeza kazi. Andika hivi:

`Lipa bili ya umeme *nyumbani !4 +Binafsi tomorrow`

Nyota inaweka lebo, alama ya mshangao inaweka kipaumbele (1 hadi 5), jumlisha inaipeleka kazi kwenye mradi wake. Tarehe andika kwa Kiingereza. “Kesho” itabaki kuwa sehemu ya jina la kazi. Nilijua baada ya bili kunipita.

Nakala rudufu? Zima kontena, nakili folda zote mbili, washa tena. Mimi hufanya hivyo kila Jumapili.