Namna ya kuvaa utepe wa kumaliza mafunzo katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani

Utepe huu, kipande cha kitambaa chenye rangi kinachovaliwa kifuani, kwenye makaratasi ya jeshi unaandikwa Army Service Ribbon. Ulianzishwa mwaka 1981, hauna nishani inayoning'inia, na hutolewa mara moja tu: aliyeupata akiwa askari wa kawaida hapewi wa pili akija kuwa ofisa.

Kuruta wengi hudhani ni wao tangu siku ya gwaride la kufunga zile wiki 10 za mafunzo ya msingi. Kanuni inataka askari ahitimu kwanza kozi ya fani yake, iwe ufundi magari, uganga au upishi. Aliyepangiwa fani kwa ujuzi aliokuja nao kutoka uraiani husubiri amalize miezi 4 ya utumishi mwema.

Ukienda kuununua, hesabu rangi kutoka ukingoni: nyekundu, chungwa, njano, kijani, kisha bluu katikati, halafu zinarudi kinyumenyume. Kwa kuwa pande zote mbili zinafanana, hakuna kuukosea kushoto na kulia. Upana ni inchi 1⅜ (milimita 35), kimo inchi ⅜.

Makosa huanzia kwenye mpangilio. Tepe husomwa kuanzia mkono wa kulia wa mvaaji, ule mkubwa kicheo ukitangulia, na anayejipanga mbele ya kioo hugeuza bila kujua. Huu wa mafunzo ni mdogo kicheo: ukiwa na ule wa Ulinzi wa Taifa (uliokoma kutolewa mwishoni mwa 2022), huo ndio unakaa kulia, wa mafunzo unafuata kushoto kwake. Wa huduma ng'ambo huja baada ya wa mafunzo. Safu moja hubeba tepe tatu au nne, na safu ya juu yenye pungufu huwekwa katikati.

Chukua kibao cha chuma chenye nafasi sawasawa na idadi ya tepe zako. Cha nafasi tatu kwa tepe mbili kitaacha chuma kitupu kikimeta kifuani. Telezesha kila utepe mpaka ukome, tepe zigusane. Koti likiwa limevaliwa, siyo limelazwa mezani, pima kwa rula thumni ya inchi (milimita 3) juu ya mfuko wa kushoto, katikati yake, ndipo utoboe. Kwa koti la kike lisilo na mfuko kifuani, ukingo wa chini wa tepe ulingane na ukingo wa chini wa kibao cha jina upande wa pili. Vua zote kabla ya kupeleka koti kwa dobi.

Utepe usipoonekana kwenye kumbukumbu zako, nenda ofisi ya utumishi ya kikosi na cheti cha kozi. Uliyekwisha kutoka jeshini, tazama kisanduku cha 13 cha fomu DD 214, hati ya kutoka jeshini. Ukikosekana humo, marekebisho hutolewa kwa fomu DD 215.