Kupiga Picha za Matumbawe Zinazoweza Kupimwa: Mwongozo kutoka Kigombe

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kukaa siku nne na vijana watatu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwambao) ya Kigombe, kusini mwa jiji la Tanga, walioniomba niwaelekeze namna ya kupiga picha za mwamba wao ili waweze kuonyesha, mwaka hadi mwaka, kama matumbawe yaliyovunjwa na baruti yanaota tena au la. Picha za kupendeza walikuwa nazo tayari, za pono, za kasa na za machweo. Hata hivyo, hakuna hata moja iliyoweza kujibu maswali ambayo ofisa yeyote atayauliza: imepigwa wapi, imepigwa lini, na eneo linaloonekana lina ukubwa gani.

Hatua ya kwanza: kibali

Zungumzeni na serikali ya kijiji na BMU, na kama mwamba umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, ombeni kibali cha hifadhi kabla ya kukodi chombo. Msitarajie kumpiga picha silikanti mwenyewe, yule samaki wa kale, kwani huishi kwenye kina kirefu mno kwa mzamiaji wa pumzi, na wale waliofahamika hapa Tanga walinaswa na nyavu za jarife.

Hatua ya pili: siku ya kutoka

Chagueni maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, wakati wa kaskazi, na mfike mwambani maji yakiwa yanajaa. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mkondo huwa mkali na mchanga hupanda, na maji yanapokupwa huja na tope la mikoko na la mito.

Hatua ya tatu: fremu

Nunueni bomba la plastiki la nusu inchi na elbo zake, mtengeneze mraba wa sentimita 50 kwa 50, halafu msimamishe miguu minne inayokutana juu kwenye kibao kidogo cha kuifunga kamera. Toboeni matundu kila upande ili maji yaingie, la sivyo fremu itaelea kama boya. Miguu ndiyo siri ya kazi nzima, kwa sababu huifanya kila picha ipigwe kutoka umbali uleule, na kwa hiyo kila picha hubeba robo ya mita ya mraba, si zaidi wala si pungufu. Wapo wanaopiga kwa mkono na kukadiria umbali kwa macho. Mimi siwaungi mkono, kwa kuwa nimewahi kufanya hivyo na nikazitupa picha zote.

Urefu wa miguu upimeni ndani ya maji, wala si uani. Nyuma ya kioo bapa cha kasha la kamera lisiloingiza maji, maji hukifanya kila kitu kionekane kikubwa zaidi kwa takriban theluthi na kilicho karibu zaidi kwa takriban robo, hivyo fremu iliyoenea vizuri kwenye picha nchi kavu itakatika kingo mara tu mtakapozama.

Hatua ya nne: kamera na kasha lake

Kamera ndogo ya kawaida yenye kasha gumu inatosha. Simu iliyotiwa kwenye mfuko laini wa plastiki siipendekezi, maana kioo chake hakiitikii vidole chini ya maji, na mfuko hubanwa na kina hadi ukagusa lenzi. Oringi ya kasha, yaani pete ya mpira inayozuia maji, ikaguliwe kwa kidole na kwa macho kila asubuhi. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga hutosha kuleta maafa. Ipakeni grisi ya silikoni kidogo sana, wala msitumie mafuta ya mgando. Kabla ya siku ya kwanza, zamisheni kasha tupu lenye karatasi ya chooni ndani, na karatasi ikitoka kavu ndipo muiweke kamera. Vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe. Kimoja ndani ya kasha huzuia ukungu kwenye kioo.

Hatua ya tano: saa

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima, na ndiyo sababu hasa ya kuandika yote haya, kwa hiyo naomba msomaji avumilie urefu wake.

GPS haifanyi kazi chini ya maji. Kwa hiyo tunaitia kwenye mfuko usioingiza maji, tunaifunga juu ya boya, na mzamiaji hulivuta boya hilo kwa kamba fupi huku GPS ikiandika njia yake yote. Baadaye, nyumbani, kila picha hupewa mahali pake kwa kulinganisha saa iliyoandikwa na kamera na saa iliyoandikwa na GPS. Kwa maneno hayo, kazi inaonekana ya mtoto.

Siku ya kwanza tulipiga picha miamba miwili. Mwamba wa ndani, ulioharibiwa vibaya, tuliufikia saa tatu na nusu asubuhi, na mwamba wa nje, ambao bado una matumbawe mazuri, tuliufikia saa sita na nusu mchana. Kamera ilikuwa imewekwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo iliandika 09:30 na 12:30. Kijana aliyeshika daftari chomboni aliandika kama sote tusemavyo, yaani 3:30 na 6:30. GPS ilionyesha kwenye kioo chake saa ya hapa nchini, lakini ndani ya faili iliandika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, yaani 06:30 na 09:30.

Tazameni mtego ulivyo. Picha za mwamba wa ndani zina 09:30, na kwenye faili la GPS 09:30 ipo, ila ni ya mwamba wa nje. Daftari linasema mwamba wa nje ni 6:30, na kwenye faili 06:30 nayo ipo, ila ni ya mwamba wa ndani. Programu haikulalamika, kwa sababu namba hizo mbili zilipata mwenzake, na picha nyingi zikaenda mahali pasipo pake. Kwa mujibu wa ramani yangu, vifusi vilikuwa kwenye mwamba wa nje, na mwamba uliopigwa mabomu ulikuwa umestawi.

Aliyeligundua kosa ni mvuvi mmoja mzee aliyezipitia picha kwenye kompyuta yangu akiwa ameshika kikombe cha kahawa. Aliweka kidole kwenye jiwe lililochongoka upande mmoja, akasema, "Mwanangu, hapa mimi nimeng'oa pweza tangu kijana. Huku siko unakosema." Nilimbishia kwa adabu, nikarudi kwenye mafaili, na jioni ya siku ya pili nikamkuta ana haki.

Tangu hapo tunafuata utaratibu ufuatao, na siruhusu mtu aupunguze. Kabla ya kuingia majini, kamera, ikiwa tayari ndani ya kasha, hupiga picha ya kioo cha GPS kinachoonyesha saa hadi sekunde. Baada ya kutoka majini hupigwa picha nyingine kama hiyo, maana saa za kamera huenda mbele au nyuma kidogo kila siku, na dakika mbili za kosa ni mita nyingi za mwamba. Kwenye daftari kila saa huandikwa kwa tarakimu nne, 0930 au 1230, na mwandishi akizoea kusema saa tatu kwa mdomo, na aendelee kusema, mradi asiiandike. Jina la mwamba huandikwa kwenye kibao cheupe na kupigwa picha mwanzoni mwa kila mzamo. Mwisho, kwenye programu ya kuunganisha, tofauti ya saa tatu huandikwa kwa mkono, wala haiachiwi kompyuta ibahatishe, kwa sababu kompyuta iliyowekwa saa ya nchi nyingine itakosea kwa kujiamini.

Hatua ya sita: kupiga

Tandazeni tepu ya mita 50, muweke fremu kila baada ya mita moja, mpige mara mbili kila mahali. Msichague palipo pazuri. Mwanga mwekundu hupotea ndani ya mita chache za kwanza, kwa hiyo rekebisheni weupe wa kamera (white balance) kwa kibao cheupe kila kina kinapobadilika, na mhifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi, kama kamera inaruhusu. Flashi izimwe, kwani humulika chembe zinazoelea na kuijaza picha madoa meupe. Mmoja akizama, mwenzake abaki juu akimtazama, na asiwepo anayevuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama, maana mtindo huo huzimisha watu bila onyo. Mapezi yasiguse matumbawe.

Hatua ya saba: kuhesabu na kutuma

Nakilini picha sehemu mbili siku hiyohiyo. Msizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwa sababu hubanwa na kuondolewa saa na tarehe zilizofichwa ndani. Zitumeni kama faili.

Kuhesabu ni kutawanya nukta kwa bahati nasibu juu ya kila picha na kutaja kilicho chini ya kila nukta: tumbawe hai, tumbawe lililopauka, mwani, mchanga, kifusi. Tovuti ya CoralNet hufanya hivyo bila malipo, nayo hujifunza kutokana na majibu yenu, ingawa mimi hukagua majibu yake yote ya mwanzo. Tuseme mna picha 50 zenye nukta 20 kila moja. Nukta 310 kati ya 1,000 zikiangukia tumbawe hai, basi matumbawe hai ni asilimia 31. Lililopauka lihesabiwe peke yake, kwa kuwa tumbawe lililopauka kwa joto, kama ilivyotokea pwani hii mwaka 1998 na 2016, bado linaweza kupona, ilhali kifusi hakiponi.

Kabla ya kutuma ripoti popote, chapisheni picha kumi kwenye karatasi bila majina ya miamba, mpeleke kwa wavuvi wa pweza, muwaulize kila moja ni ya wapi. Wakitofautiana na ramani yenu, anzeni tena kwenye hatua ya tano.