Kuwasha RCS kwenye Simu Yako, na Kujua Ni Lini Bado Unatuma SMS

SMS ya kwanza ilitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ikiwa salamu fupi ya Krismasi, na tangu hapo kiwango chenyewe, yaani kanuni zake za kiufundi, kimebaki karibu vilevile: herufi 160, bila picha wala taarifa ya kwamba ujumbe umesomwa. MMS iliyokuja miaka kumi baadaye iliongeza picha, ingawa ilizibana mno hata zikafika zimefifia. Kinachochukua nafasi ya vyote viwili sasa ni RCS (Rich Communication Services), kiwango kinachosimamiwa na GSMA, ambao ni umoja wa kampuni za simu duniani. RCS hupitisha ujumbe kwenye intaneti, lakini hutumia namba yako ileile na programu ya kawaida ya meseji. Google iliisambaza kwenye simu za Android katika sehemu kubwa ya dunia kufikia mwisho wa 2020, na Apple, baada ya kuikataa kwa miaka mingi, iliipokea katika iOS 18, toleo la mfumo endeshi wa iPhone lililotoka Septemba 2024. Anayetumia WhatsApp kwa kila jambo huenda asione haja yake. Faida yake ni kwamba hakuna anayelazimika kumwomba mwenzake apakue programu fulani.

Kwenye Android, hakikisha kwanza kwamba programu yako kuu ya meseji ni Messages ya Google, kwa kuwa programu nyingine za meseji huenda hazina RCS. Ifungue, gusa picha yako ya wasifu iliyo juu, ingia kwenye mipangilio ya Messages, kisha gusa palipoandikwa “RCS chats” na uiwashe. Simu itaithibitisha namba yako, na kwa kuwa uthibitisho huo unaweza kuhitaji kutuma SMS ambayo kampuni ya simu itaitoza, ni vyema laini iwe na salio kidogo. Hali ikisomeka “Connected”, kazi imekwisha. Ikiganda kwenye “Setting up” kwa muda mrefu, angalia kwamba intaneti inafanya kazi na kwamba laini unayoisajili imo ndani ya simu, kisha izime RCS na kuiwasha upya.

Kwenye iPhone, njia ni Settings, kisha Apps, kisha Messages, kisha “RCS Messaging”. Hapa kuna sharti moja lisilotegemea utashi wako: ni lazima kampuni yako ya simu iwe imeiruhusu huduma hiyo kwa wateja wenye iPhone, na usipouona mstari huo kabisa, hakuna cha kubonyeza kitakachouleta, isipokuwa simu yako iwe bado na toleo la zamani kuliko iOS 18.

Kuiwasha ni sehemu rahisi. Jambo linalowakwaza watu ni kwamba RCS haijaiondoa SMS, bali zote mbili zinaishi ndani ya dirisha moja la mazungumzo, na simu huchagua moja kulingana na aliye upande wa pili. Rangi ya kijani kwenye iPhone haikusaidii, maana SMS na RCS zote ni za kijani. Tazama maandishi hafifu yaliyo ndani ya kisanduku cha kuandikia kabla hujaanza kuandika: yakitaja RCS, ujumbe utakula bando la intaneti, yakitaja SMS, au yakisema “Text message” pekee kwenye Android, utakatwa kwenye bando la meseji au salio. Bando la intaneti likiisha katikati ya mazungumzo, simu inaweza kuutuma tena ujumbe kwa SMS bila kukuuliza, na picha kwa MMS. Mimi ningekizima kipengele hicho cha kutuma upya kwa SMS, kwani ni afadhali ujumbe usubiri kuliko salio kuondoka kimyakimya.

Unapobaki kwenye SMS, kuna mtego ambao waandishi wa Kiswahili hawana budi kuujua. Zile herufi 160 hupatikana tu ikiwa kila alama uliyoandika imo katika alfabeti ndogo ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, na Kiswahili kinaenea humo bila shida. Ukiweka emoji moja, au ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka katika neno kama “ng'ombe”, ujumbe mzima hubadilishiwa usimbaji, yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa tarakimu, na nafasi hushuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Maneno ya herufi 150 ambayo yangekwenda kwa SMS moja hulipiwa kama tatu. Kwenye iPhone, zima “Smart Punctuation” katika mipangilio ya kibodi, ili ritifaa ibaki imenyooka. Katika RCS suala hili halipo kabisa.

Kuhusu usiri, SMS haijawahi kuwa na ulinzi wa kuanzia kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, ule unaozuia wengine kuusoma ujumbe njiani. Messages ya Google inao kati ya simu mbili zinazoitumia, na alama ya kufuli ndiyo ushahidi. RCS iliyokuja na iOS 18 haikuwa nao. GSMA iliuingiza katika kiwango chake Machi 2025, lakini kiwango kikitangazwa, simu iliyo mkononi haibadiliki papo hapo. Pasipo na kufuli, usiandike nywila wala namba ya siri.

Bado usiache kununua bando la meseji. Taarifa za M-Pesa na misimbo ya benki kwa kawaida huja kwa SMS, na simu za vitufe tunazoziita vitochi, au kabambe kwa walio Kenya, hazina RCS.

Mwisho, kabla ya kuhamishia laini kwenye simu nyingine, izime RCS kwenye simu ya zamani. Usipofanya hivyo, simu za watu wanaokuandikia zinaweza kuendelea kuituma kwa RCS meseji ambayo hutaiona, huku wao wakidhani umewapuuza. Ikiwa simu ya Android imeibwa au kuharibika kabla hujaizima, weka laini kwenye simu nyingine, fungua ukurasa wa messages.google.com/disable-chat, andika namba yako, na utapokea kwa SMS msimbo wa tarakimu sita wa kuiondoa namba hiyo kwenye RCS.