SOMO: Kwa nini "zima uwashe" inaponya kompyuta, na kwa nini Shut down siyo Restart

Wakuu habari za kazi. Hili swali nimelijibu mpaka vidole vimechoka. Mtu anakuja "fundi kompyuta nzito", "fundi printa haionekani", "fundi sauti imepotea", namwambia iwashe upya, anasema nimeshazima na kuwasha haijasaidia, ukimchimba unakuta alifunga kifuniko tu akaenda kula, na hiyo ni kuilaza, siyo kuizima. Sasa naandika yote hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Kwanza kwa nini inasaidia. Kompyuta ikiwa kazini, kila ulichofungua kinakaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu yake ya muda. Programu inaomba nafasi humo na ikimaliza inatakiwa irudishe, ila zipo zisizorudisha, kama yule anayeazima masufuria ya shughuli kila wiki na hayaonekani tena. Brauza yenye tabo thelathini, antivairasi, Excel yenye hesabu za mwaka mzima, zote zinaomba, RAM ikijaa Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na diski ni ya polepole sana ukilinganisha na RAM, hasa hizi za zamani zinazozunguka, ndo unaona mausi inasitasita na taa ya diski haitulii. Afu kuna draiva, ile programu inayoongea na kifaa. Kadi ya Wi-Fi ikilala ikashindwa kuamka vizuri, draiva inabaki inasubiri jibu lisilokuja, wewe unaona tu hakuna mtandao wakati simu yako hapohapo mezani inashika.

Ukiristati, RAM inafutwa yote, draiva zinasomwa upya kutoka kwenye diski, kila kifaa kinaanza kusalimiwa mwanzo. Hakuna aliyehitaji kujua kosa lilikuwa wapi. Lakini shika hili: kinachofutwa ni kilichokuwa RAM, kilichoandikwa kwenye diski kinabaki. Hapo ndo utajua kwa nini matatizo mengine hayaondoki hata uristati mpaka asubuhi.

HATUA

1. Kama kuna ujumbe wa kosa kwenye skrini, upige picha na simu kwanza.

2. Sevu kazi, funga programu, chomoa flashi.

3. Bonyeza Start, alama ya Power, chagua Restart. SIO Shut down. Hapa ndo watu wanapoangukia kwa hiyo nitakaa kidogo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, na kwenye kompyuta nyingi kinakuja kimeshawashwa. Ukibonyeza Shut down, Windows inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, lakini moyo wenyewe wa Windows pamoja na hali ya draiva unahifadhiwa kwenye faili moja la diski, ukiwasha kesho inalisoma hilo faili na kuendelea ilipoishia. Inawaka haraka, sawa, ila draiva iliyokwama jana inarudi imekwama vilevile. Restart haipiti njia hiyo, inaanza upya kabisa. Ajabu lakini ndo ilivyo, Restart inasafisha kuliko Shut down.

Kuhakikisha, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, inafunguka Task Manager, nenda Performance, gusa CPU, tazama chini palipoandikwa Up time. Namba ya kwanza kushoto ni siku, zinafuata saa, dakika na sekunde. Kuna dada wa steshenari aliniletea laptop yake inagoma kuiona skana, akaapa anaizima kila jioni akifunga duka, na kweli anaizima, kwa Shut down. Up time inasoma 23:04 na kuendelea, yaani siku 23 hiyo mashine haijawahi kuanza upya. Tukabonyeza Restart skana ikaonekana palepale.

Ukitaka Shut down iwe ya kweli, shikilia Shift huku unaibonyeza. Kukitoa kabisa hicho kitu cha Fast Startup, ingia Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", gusa "Change settings that are currently unavailable", ondoa tiki kwenye "Turn on fast startup", sevu. Na mwenye mfumo wa Linux pembeni ya Windows kwenye diski moja akitoe leo, maana Windows ikizimwa hivyo inaiacha patisheni yake (sehemu yake ya diski) wazi nusu, ukiandika kitu humo kutoka Linux unaweza kupoteza mafaili.

4. Ikiandika inasasisha, iache. Laptop chomeka chaja kwanza. Usichomoe, usishikilie kitufe, hata ikikaa asilimia ileile muda mrefu, unless umesubiri masaa na taa ya diski imekufa kabisa.

5. Imeganda kabisa? Subiri dakika chache. Jaribu Ctrl+Alt+Delete, kwenye kona ya chini kulia kuna alama ya Power, chagua Restart hapo. Skrini ikiwa nyeusi lakini unasikia mashine inafanya kazi, bonyeza Windows+Ctrl+Shift+B, inaamsha upya draiva ya skrini peke yake na kazi yako haipotei. Ikigoma yote ndo unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Hiyo ni ya mwisho, faili lililokuwa linaandikwa linaweza kubaki nusu.

6. Ikiwaka, jaribu lile tatizo KABLA hujafungua mengine.

Tatizo likirudi palepale, shida iko kwenye diski, kwenye mipangilio au kwenye kifaa chenyewe. Likirudi baada ya masaa, kuna programu inakula RAM, fungua Task Manager, nenda Processes, gusa Memory ijipange kwa ukubwa, mla RAM atakaa juu. Unaeristati kila siku kwa tatizo lilelile hujatengeneza kitu, tafuta chanzo.

Na kama diski inagonga, ile sauti ya tik tik tik, USIRISTATI. Nakili mafaili yako muhimu kwanza, inaweza isiwake tena.

MASWALI

Mpole255: Mkuu ndefu sana hii, yangu inaganda nifanyeje

Mwandishi: Hatua ya 5.

Mpole255: nimeristati bado

Mwandishi: Up time inasoma ngapi?

Mpole255: sijaangalia

Mwandishi: Angalia kwanza.

Kibopa wa Kariakoo: Mimi nazima kwa kushikilia kitufe mwaka wa nne huu na mashine inapiga kazi, msitishe watu

Mwandishi: Sijasema itakufa leo kaka. Windows ya sasa inajitahidi kurekebisha mafaili ikiwaka. Nachosema ni faili lililo wazi wakati huo, na ukiwa na hesabu za duka kwenye faili moja tu huna nakala, hiyo siku moja inatosha. Unaamua mwenyewe.

Mwalimu wa Kompyuta: Shukrani kwa somo. Hivi kwa nini wasirekebishe programu zenyewe badala ya kutwambia tuzime tuwashe? Wanafunzi wangu huwa wananiuliza.

Mwandishi: Swali zuri mwalimu. Wanarekebisha, ila kosa lingine linajitokeza mashine ikikaa muda mrefu tu, na anayejaribu programu mara nyingi haachi ikae hivyo. Waambie habari ya Windows 95 na 98, zilikuwa zinahesabu milisekunde tangu kuwaka kwa namba ya biti 32. Wapige hesabu, 2 kwa kipeo cha 32 gawanya kwa milisekunde za siku moja, wanapata siku 49.7. Ikifika hapo hesabu inarudi sifuri na kompyuta inaweza kuganda. Hata ndege, mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza Boeing 787 zizimwe umeme kabla hazijafikisha siku 248 mfululizo, kisa kaunta kwenye vidhibiti vya jenereta.

Na lipo la kusikitisha. Tarehe 25 Februari 1991, Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot wa kutungulia makombora ulikuwa umewaka kama masaa 100 bila kuzimwa. Saa yake ya ndani ilikuwa inakosea kidogo kidogo, ikafika theluthi moja ya sekunde, ukalitafuta kombora la Iraki mahali lisipokuwepo. Wanajeshi 28 wa Marekani wakafariki. Walishaambiwa kuwasha muda mrefu sana kuna shida, ila hawakuambiwa muda mrefu ni masaa mangapi. Programu iliyorekebishwa ilifika pale kesho yake.

Mwalimu wa Kompyuta: Daah. Hii hesabu ya 49.7 nawapa Jumatatu.

Mama Print: Kaka mimi printa, karatasi moja imekwama kwenye foleni, haifutiki, nimeristati KWELI kwa Restart bado ipo.

Mwandishi: Dada umefanya sawasawa, na ndo lile nililosema la diski, kazi za printa zinaandikwa kwenye diski. Bonyeza Windows+R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, Stop. Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani, folda yenyewe iache. Rudi Print Spooler bonyeza Start.

Mama Print: Imetoka!! Mungu akubariki, mteja alikuwa amesimama hapa.

Jirani wa Ruta: Ruta nayo ni hivihivi?

Mwandishi: Hivihivi, nayo ni kompyuta ndogo ina RAM yake. Chomoa waya wa umeme, hesabu kama nusu dakika maana inabaki na chaji kidogo ndani, chomeka, subiri taa zitulie. Usiguse kile kitundu cha Reset, kinafuta mipangilio yote pamoja na paswedi.

Jirani wa Ruta: Na Mac?

Mwandishi: Mac haina mambo ya Fast Startup, ukizima imezima. Ila kufunga kifuniko ni kuilaza, huko pia. Linux, kuona imewaka muda gani, fungua teminali andika uptime.

Mpole255: Mkuu nimeangalia. Inasoma 41

Mwandishi: Siku 41. Haya sevu kazi, bonyeza Restart, ikiwaka rudi uniambie ipi iko juu kwenye Memory.