Nozeli Inakojoa: Ikamate Kabla Hujauziwa Zote Nne

Hilux yangu ni ya injini ya 5L, ile ya zamani isiyo na kompyuta, na kazi yake ni kupandisha vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mjini. Mlima Kitonga hautunzi siri. Gari likiwa na kasoro litaisema pale. Siku hiyo tulipofika kwenye kona nguvu zikakata, moshi mweusi ukatanda hadi dereva wa lori aliyenifuata akaanza kupiga honi, na injini ikawa inagonga tak-tak-tak kama mtu anachonga kinu. Gereji ya kwanza niliyoingia, fundi alisikiliza dakika moja tu, mikono mfukoni. "Mama, hiyo pampu imekufa. Na nozeli badilisha zote nne." Nikamshukuru, nikaondoka mdogomdogo.

Nozeli ni kile kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, kila silinda na yake. Kabla hujatoa hela, jua kwanza ni silinda ipi inayosumbua. Washa gari, liache kwenye sailensa, yaani liungurume bila kukanyaga mafuta, lipate moto. Chukua spana namba 17, ulegeze kidogo nati ya bomba la dizeli linaloingia kwenye nozeli ya kwanza. Dizeli itachuruzika, kwa hiyo weka tambara. Kama nozeli hiyo ni nzima, injini itayumba na kutaka kuzima. Kama ni mbovu, hutasikia tofauti, au ule mlio wa kugonga utapotea. Kaza, nenda ya pili. Kwangu ilikuwa ya tatu: nilipolegeza tu, tak-tak ikanyamaza kabisa.

Hii ni kwa injini za pampu ya kizamani tu, yaani 2L, 3L na 5L. Kama yako ni D-4D, yaani dizeli ya kisasa ya Toyota yenye kompyuta, usiguse nati hizo injini ikiwa inaunguruma! Presha ya mle inapita bar 1,000. Dizeli inapenya ngozi kama sindano, na kitundu kidogo unachokiona kwa nje ni cha kukimbizwa hospitali saa ileile. Hiyo ipeleke ikapimwe kwa kompyuta.

Tukirudi kwetu. Kabla ya kufungua chochote, piga upepo kuzunguka nozeli zote, maana mchanga ukidondoka ndani ya silinda umejitafutia kazi nyingine. Toa mabomba yakiwa vilevile, usiyapinde kupata nafasi, na uzibe midomo yake kwa nailoni safi. Toa na bomba la marejeo, lile linalorudisha dizeli iliyozidi. Nozeli yenyewe inafunguliwa kwa soketi ndefu namba 27. Spana ya kawaida itakula kona zake.

Sasa mulika tochi ndani ya shimo. Chini kuna washa, yaani pete ya kuzibia, na kisahani chembamba cha chuma, na mara nyingi vinabaki vimeng'ang'ania kwenye masizi. Mafundi wengi hawaangalii, wanaweka vipya juu ya vya zamani, halafu gari linavujisha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na lawama anabeba muuza nozeli. Angalia namna kisahani kilivyolala ili kipya kilale hivyohivyo.

Zote nne nilizipeleka kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Alifunga moja moja, akawa anavuta mkono wa mashine. Tatu zilitoa ukungu laini zikikoroma krrr, kisha ncha ikabaki kavu. Ya tatu ikamwaga uzi mmoja na kuendelea kudondosha. "Mama unaona? Hii inakojoa." Akabadilisha ncha tu, akaongeza shimu, kipande chembamba cha kukazia springi ya ndani, hadi presha ikafanana na wenzake. Pampu haikuguswa.

Kama huko uliko mashine haipo, badilishana nafasi: ya tatu iende kwenye moja. Ugonjwa ukihama nayo, ni nozeli. Ukibaki palepale, tafuta kwenye kompresheni au valvu.

Kurudisha: washa na visahani vipya, kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha injini, usikaze kwa hasira. Kisha toa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli: bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu, acha nati za mabomba zimelegea, piga stata hadi dizeli iruke, ndipo ukaze. Moshi mweupe wa dakika chache usikutishe.

Kilichoua nozeli yangu ni dizeli ya vidumu vya barabarani. Tangu kodi ya mafuta ya taa ipandishwe mwaka 2011, kuchakachua dizeli kwa mafuta ya taa hakulipi kama zamani, ila maji na vumbi havina kodi. Siku hizi kila Jumamosi nafungua kikoki cha chini ya filta, nakinga kwenye chupa na kuiacha itulie. Maji hukaa chini. Jumamosi ya kwanza yalifika vidole viwili.