Jinsi ya kutumia soketi za umeme wa nyumbani zilizo ndani ya gari la umeme

Mwongozo huu ni kwa gari la umeme lenye soketi ya plagi ya kawaida: iliyo chini ya kiti cha nyuma, ya kwenye buti, au ile inayopatikana kwa adapta ya kuchomeka kwenye tundu la kuchajia. Menyu za magari mengi huiita V2L (vehicle-to-load, yaani umeme kutoka kwenye gari kwenda kwenye kifaa). Hatua ya 3 ni ndefu kuliko zote, kwa kuwa hapo ndipo watu huamini soketi imekufa ilhali ni nzima.

Hatua ya 1: Soma kibandiko

Tafuta volti na wati zilizoandikwa kwenye kifuniko cha soketi au kwenye kitabu cha gari. Umbo la tundu halikwambii kitu. Ford F-150 Lightning hutoa kilowati 2.4 au 9.6 kutegemea toleo. Hyundai Ioniq 5 ya Ulaya inafika kilowati 3.6, ya Marekani inaishia 1.9. Magari mengi ya Japani yenye soketi hizi, Mitsubishi Outlander PHEV likiwemo, hutoa wati 1500 kwa volti 100. Friji ya volti 230 ukiichomeka hapo, mota itanguruma bila kuzunguka huku ikipata moto, na birika la volti 230 litatoa chini ya moja ya tano ya nguvu yake. Chaja ya simu au laptop iliyoandikwa 100–240V haina shida.

Tundu la volti 12 (la kiberiti cha sigara) ni habari nyingine kabisa. Fyuzi yake huwa ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya kuchomeka hapo inatosha laptop tu, hata kama kwenye boksi wameandika wati 1000. Na usifunge inveta kubwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12: ni ndogo, na gari likiwa limezimwa mara nyingi hakuna kinachoijaza. Unaweza kubaki na betri kubwa iliyojaa na gari lisilowaka.

Hatua ya 2: Washa soketi na weka kikomo cha betri

Soketi ya ndani kwa kawaida hutaka gari liwe limewashwa. Ya adapta ya nje hufanya kazi hata gari likiwa limezimwa. Kwa kazi ya saa nyingi napendelea adapta ya nje: milango inafungwa na waya haubanwi na mlango. Nunua adapta ya gari lako hasa. Gari huitambua kwa kipimo cha rezista iliyomo ndani yake, na kampuni hazitumii kipimo kimoja, kwa hiyo ya jirani inaweza kuingia vizuri tu na isitoe umeme.

Kisha ingia kwenye menyu uweke asilimia ambayo gari likifika litakata umeme. Pigia hesabu umbali wa kufika kwenye chaja, halafu ongeza kidogo.

Hatua ya 3: Pima mzigo, hasa wa kuanzia

Kujumlisha wati zilizoandikwa kwenye vifaa ni mwanzo tu. Maikrowevu ya "wati 800" ina maana ya joto linaloingia kwenye chakula. Kutoka kwenye soketi inavuta karibu 1200 au 1300. Nunua mita ndogo ya wati ya kuchomeka kati ya plagi na soketi. Ni bei ndogo na inamaliza ubishi wote.

Tatizo kubwa ni chochote chenye mota: friji, pampu ya maji, kompresa ya upepo, msumeno. Friji inayotumia wati 120 ikiwa inazunguka huweza kuvuta mara 5 hadi 7 ya hapo kwa sekunde isiyotimia wakati wa kuanza. Umeme wa gridi huvumilia mshtuko huo. Inveta ya gari hailindi fyuzi, inalinda transista zake (swichi zake za elektroniki), kwa hiyo hukata papo hapo.

Sasa inakuja sehemu inayopoteza saa nzima. Umeme ukikatwa kompresa ya friji ikiwa kazini, gesi inabaki na shinikizo upande mmoja. Ukichomeka tena mara moja, mota inalazimika kuanza dhidi ya shinikizo hilo, inavuta zaidi ya mwanzo, soketi inakata tena. Ukirudia, inakata tena. Watu hubadilisha ekstensheni, wanabadilisha plagi, wanalipeleka gari kwa fundi. Dawa ni kuchomoa friji na kusubiri dakika 5 kamili. Zima soketi kwenye skrini, iwashe upya, kisha chomeka friji ikiwa peke yake. Ikishatulia kwenye mita ndipo uongeze taa na vingine. Birika liwe la mwisho, na lichemke wakati kompresa imepumzika.

Ikikata hata ikiwa peke yake baada ya kusubiri, mota hiyo imezidi soketi yako. Friji yenye kompresa ya inveta huanza taratibu na huwa haina tatizo hili.

Hatua ya 4: Waya

Milimita za mraba 2.5 kwa chochote kinachozidi wati 2000. Ekstensheni ya gurudumu ikunjue yote, kwa kuwa ikibaki imezungushwa hupata moto hadi plastiki inayeyuka.

Hatua ya 5: Ethi

Kwenye soketi nyingi za magari nyutro (waya wa kurudisha umeme) haijaunganishwa na ethi (waya wa usalama). Ndiyo maana kifaa kinachopima ethi kabla ya kuanza, kama chaja ya kubebeka ya gari jingine, hukataa na kuwasha taa nyekundu. Usitengeneze plagi ya kuziunganisha. Nje kwenye unyevu tumia vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba (vyenye kinga maradufu, visivyohitaji ethi), na kimoja kwa wakati.

Usiunganishe gari na soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme utatoka hadi kwenye laini ya mtaa na kumuua fundi aliyeko juu ya nguzo. Nyumba inahitaji swichi ya chenjiova (inayoitenga nyumba na laini ya mtaa) iliyofungwa na fundi umeme.

Hatua ya 6: Muda

Betri ya kilowati-saa 60, kutoka asilimia 70 hadi 20, inakupa 30. Kwa mzigo wa wati 500 utadhani ni saa 60. Lakini likiwa limewashwa gari lenyewe nalo linakula. Likila wati 300, zinabaki saa 37 na nusu. Zima kiyoyozi na skrini.

Hatua ya 7: Kufunga

Zima kifaa, zima V2L, ndipo uchomoe. Adapta ikigoma kutoka, fungua milango kwa funguo. Ni kufuli yake, usiivute.