Namna ya Kuunda Mtandao wa Wakazi wa Dar es Salaam wa Kusaidia Nyanda za Juu za Uluguru

Mkazi wa Kimara au wa Tegeta anayefungua bomba hutumia maji ya Mto Ruvu, yanayosafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu, karibu na Mlandizi, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto huo ulipungua kiasi cha kulazimu maji yatolewe kwa mgawo, na mazungumzo mengi ya mitaani yakahusu pampu, matangi na visima. Mwongozo huu ni kwa wale wanaotaka kuanzia mbali zaidi, kule kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ambako maji hayo huanzia safari yake.

Juu ya misitu ya Uluguru, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, ipo tambarare ya Lukwangule, yenye nyasi, vichaka na vinamasi vya udongo wa mboji. Udongo wa namna hiyo hujengeka polepole mno. Katika kinamasi cha Deva-Deva, kilichoko katika milima hiyohiyo, watafiti walichimba tabaka zilizohifadhi historia ya uoto kwa zaidi ya miaka 40,000. Mboji hufyonza mvua na ukungu, kisha huachia maji kidogo kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya vijito kuendelea kutiririka masika yakiisha. Moto ukipita hapo wakati wa kiangazi, ardhi hubaki wazi, na mvua inayofuata hukimbia juu yake na kuondoka na udongo. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Kwa hiyo mtandao wa jijini haupaswi kujipa kazi ya ulinzi. Kazi yake ni kuwaongezea nguvu wale ambao tayari wako huko.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuwatafuta watu hao kabla ya kutengeneza fulana na mabango. Mahali pazuri pa kuanzia ni sokoni. Karoti, kabichi, njegere na viazi vingi vinavyoletwa jijini hutoka Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, na mfanyabiashara anayenunua mzigo huko kila wiki anajua ni shamba lipi limepanda hadi kwenye mpaka wa hifadhi, ni kijito kipi kimekauka na ni mwenyekiti gani wa kijiji anayesikilizwa. Wapo pia wenyeji wa Uluguru waishio Dar es Salaam, ambao wana vikundi vyao vya kuzikana na kuchangiana harusi. Kikundi cha namna hiyo kina daftari, mweka hazina na imani ya wanachama, mambo ambayo mtandao mpya huchukua muda mrefu kuyapata. Baada ya hapo wasiliana na MJUMITA, mtandao wa kitaifa wa jamii zinazosimamia misitu, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ndiyo inayofanya kazi na jumuiya za watumia maji zinazotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.

Mkutano wa kwanza ufanyike mtaani, si hotelini. Mweleze mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa mtendaji kwa barua fupi inayotaja tarehe, saa, mada na idadi ya watu mnaotarajia, na muulize mapema kama mkusanyiko au mchango wowote wa hadharani unahitaji kibali cha ngazi ya juu zaidi. Chagueni Jumamosi asubuhi au Jumapili alasiri, kwa kuwa jioni za siku za kazi watu huwa bado wamo kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro.

Hotuba ziwe chache, na nafasi yake ichukuliwe na jaribio ambalo kila mtu ataliona kwa macho yake. Chukua chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu, zilaze, kisha ukate ubavu wa juu wa kila moja ili zifanane na vihori vidogo. Ya kwanza ijaze udongo mtupu. Ya pili iwekee pande la nyasi lililong’olewa pamoja na mizizi na udongo wake, na ulimwagilie kwa siku kadhaa kabla ya mkutano ili lishike. Ziweke juu ya meza zikiinama kidogo, midomo ikiwa wazi na glasi tupu chini ya kila mdomo, halafu mwite mtoto mmoja amwagie kila chupa kikombe kimoja cha maji. Upande wa udongo mtupu maji hutoka upesi yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Upande wa nyasi huchelewa, hutoka kwa matone, na huwa meupe zaidi. Acha glasi hizo mezani hadi mwisho wa mkutano. Hapo ndipo ueleze kwamba tope la aina hiyo husumbua mitambo ya kusafisha maji, na kwamba Bwawa la Kidunda, linalojengwa kwenye Mto Ruvu, nalo litapokea kila kinachoporomoka kutoka milimani.

Mkishakubaliana kuendelea, andikeni katiba fupi na kumwona afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu kuhusu usajili wa kikundi. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na mapato na matumizi yasomwe kwa sauti kila mnapokutana. Kundi la WhatsApp linafaa kwa matangazo, lakini uamuzi wa fedha usifanyike humo, maana nusu ya wanachama huwa hawajasoma na nusu nyingine huwa wameshagombana.

Swali gumu ni fedha hizo zitumike kwa nini. Mazoea yetu ni kupanda miti, na mtu yeyote akisikia neno mazingira hufikiria mche na picha ya mgeni rasmi akiushika. Kwa maoni yangu mtandao huu unapaswa kuyakataa mazoea hayo waziwazi: uwanda wa asili wa nyasi na kinamasi hauhitaji miti, na misindano au mikaratusi inayonywa maji mengi inaweza kuudhuru. Kunakohitajika miche ni kwenye mashamba ya chini, na aina yake ichaguliwe na mkulima mwenyewe. Fedha zenu zitafaa zaidi katika kudhibiti moto: kusafisha njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi kukolea, kununua mapanga, viatu na simu za kutolea taarifa, na kulipa posho ya vijana wa doria wanaoelekezwa na TFS. Moto uliounguza nyanda za juu za Kilimanjaro Oktoba 2020 ulipiganwa kwa siku kadhaa na mamia ya watu, wakiwemo wananchi na wanafunzi waliojitolea, na watu hao hawapatikani kirahisi ikiwa majina na namba zao hazijaandikwa mahali mapema.

Ziara ya milimani ifuate baadaye, kwa kundi dogo. Treni ya SGR imefanya safari ya Morogoro kuwa ya chini ya saa mbili, lakini kutoka hapo kwenda Mgeta barabara ni ya milimani, na kupanda Lukwangule ni kazi ya siku nzima. Kibali na mwongozaji vipatikane kupitia ofisi ya hifadhi. Mkifika kijijini pigeni hodi ofisini, salimieni wazee, na msikilize kabla ya kushauri. Waluguru wana kumbukumbu ya ushauri wa kulazimishwa: serikali ya kikoloni iliwaamuru wachimbe matuta ya ngazi, na mwaka 1955 upinzani ulizua ghasia huko Matombo, mpango ukaachwa. Miongo mingi baadaye, mradi wa mashirika ya CARE na WWF huko Kibungo Juu, katika milima hiyo, uliwalipa wakulima waliohifadhi udongo, na miongoni mwa wachangiaji ilikuwamo kampuni iliyosambaza maji Dar es Salaam wakati huo. Mkitaka mkulima aache mita chache za shamba lake karibu na chanzo cha maji, zungumzieni pia kile atakachokosa kuvuna hapo.

Kalenda yenu inaweza kushika Wiki ya Maji, inayofikia kilele tarehe 22 Machi, na Siku ya Kimataifa ya Milima, tarehe 11 Desemba. Mkutano wa maandalizi ya moto uwe Mei, kabla nyasi hazijakauka. Kila ziara mpige picha kutoka mahali palepale, mwezi uleule, mkielekea upande uleule. Nakala moja mtundike kwenye ofisi ya mtaa jijini, na nyingine muiache ofisi ya kijiji, pamoja na orodha ya michango iliyotolewa na namna ilivyotumika.